Kuiandaa kaya kwa maafa: kuanzia alama ya kuondoka hadi siku ya kurudi nyumbani

Miongozo ya serikali kuhusu maafa imejengwa juu ya dhana moja ambayo wasomaji wengi huipita haraka: katika siku za mwanzo, huenda asije mtu. Barabara zimekatika, simu hazishiki, vikosi vya uokoaji vinaanza na walionaswa, na baadhi ya waokoaji wenyewe wamefikwa na janga lile lile. Ndiyo maana nchi nyingi huwaambia raia wajitosheleze kwa saa 72. Japani husema siku 3 kwa uchache na wiki moja ikiwezekana. Uswidi huwataka watu wake waweze kujitegemea wiki nzima.

Kujitosheleza huko kunahitaji vitu, lakini zaidi kunahitaji maamuzi yaliyokwisha kufanywa. Vifo vingi vya mafuriko huwapata watu waliokuwa na njia ya kutoka na wakachelewa kuitumia. Kwa hiyo mwongozo huu unatumia nafasi kubwa kwenye mambo mawili, lini uondoke na utakunywa nini, kuliko kwenye begi la dharura ambalo kila mtu hupenda kulizungumzia.

Hatari za mahali ulipo

Huwezi kujiandaa kwa "maafa" kwa jumla. Chukua karatasi, andika kila hatari inayoweza kuifikia nyumba yako: mafuriko, moto, tetemeko la ardhi, kimbunga, maporomoko ya udongo, kumwagika kwa kemikali. Mbele ya kila moja jibu maswali matatu. Inatokea upande gani? Hutoa onyo la muda gani? Itakata nini: maji, umeme, barabara au simu?

Swali la pili ndilo lenye uzito. Mto mkubwa huweza kukupa siku kadhaa za onyo. Bonde dogo lenye miteremko mikali hukupa dakika. Moto ndani ya nyumba unaweza kukuachia dakika 2 tu za kutoka, na tetemeko halibishi hodi. Onyo likiwa refu, jiandae kuhama na vitu vyako. Likiwa fupi, begi liwe karibu na mlango na njia iwe imeshachaguliwa. Pasipo onyo kabisa, usalama wako unategemea jinsi nyumba ilivyopangwa leo: kabati limefungwa ukutani au la, kitanda kiko chini ya rafu nzito au la, dirisha lenye nondo linafunguka kwa ndani au la.

Usitegemee ramani peke yake. Waulize wazee wa mtaa maji yalifika wapi safari ile mbaya kuliko zote. Tazama mistari ya matope kwenye kuta za zamani na takataka zilizonasa kwenye matawi juu ya kimo cha mtu. Maji hayasahau njia yake, na bonde lililokaa kavu miaka kumi bado ni bonde.

Kusoma tahadhari

Mamlaka nyingi za hali ya hewa hutumia rangi. Njano ni kufuatilia taarifa. Rangi ya machungwa ni kujiandaa kuchukua hatua. Nyekundu ni kuchukua hatua sasa hivi. Kosa la kawaida ni kusubiri kuona kwa macho. Mvua inayokuzamisha inaweza kuwa imenyesha milimani, mbali na wewe, huku kwako anga ni jeupe.

Soma pia maneno mawili yanayoambatana na rangi: uwezekano na athari. Tahadhari yenye uwezekano mdogo na athari kubwa bado inakuhusu. Janga lisipotokea, usiseme mamlaka zimedanganya. Uwezekano wa asilimia 30 maana yake ni kwamba mara nyingi halitatokea.

Tofauti ambayo tahadhari inaweza kuleta inaonekana Bangladesh. Kimbunga cha Novemba 1970 kiliua watu wanaokadiriwa kuwa kati ya 300,000 na 500,000 katika eneo hilo. Baada ya hapo nchi ilijenga mtandao wa watu wa kujitolea wanaopita vijijini na vipaza sauti na bendera, pamoja na majengo ya kukimbilia yaliyoinuliwa juu. Kimbunga Sidr cha Novemba 2007 kilikuwa kikali mno pia, lakini vifo vilihesabiwa kwa maelfu machache, si mamia ya maelfu. Bahari ilikuwa ile ile na pwani ile ile. Safari hii watu waliambiwa mapema, na walikuwa na pa kwenda.

Ujumbe wa sauti unaosambazwa kwenye simu usiuamini mpaka uone mambo matatu: tarehe, eneo linalohusika, na chombo kilichoutoa. Kisha uthibitishe kwa redio. Redio ndogo ya betri hubaki na kazi hata minara ya simu ikizimika.

Alama ya kuondoka

Hiki ndicho kitu kimoja ambacho, kama una muda wa kufanya kitu kimoja tu, ungefanya hiki. Chagua kitu kinachoonekana kutoka nyumbani au karibu yake: nguzo ya daraja, ngazi ya kushukia mtoni, ukuta wa mfereji. Piga mstari wa rangi nyekundu. Maji yakiufikia mstari, kaya inaondoka, hata kama jua linawaka.

Mstari uwekwe wapi? Fanya hesabu. Tuseme barabara yenu ya kutokea hufunikwa maji yakipanda sentimita 60 juu ya kimo cha kawaida. Tuseme maji hupanda sentimita 20 kwa saa, na ninyi mnahitaji saa moja na nusu kuwakusanya watu, kufunga nyumba na kufika mahali pa juu. Katika muda huo maji yatakuwa yamepanda sentimita 30. Basi mstari hauwezi kuzidi sentimita 30, na kwa kuwa siku yenyewe kila kitu huchukua muda zaidi, ushushe hadi 20. Kama hujui kasi ya maji yenu, pima kwenye mvua kubwa ijayo: chomeka mti wenye alama za kila sentimita 10 na uandike saa.

Mstari hausaidii usiku, hauonekani. Kwa hiyo weka kanuni ya pili: tahadhari ikiwa nyekundu na giza linakaribia, ondokeni mchana ungalipo, hata kama maji hayajafika popote.

Kanuni ya tatu inahusu mamlaka ya nyumbani. Mtu mzima yeyote aliyepo ana haki ya kusema "tunaondoka" na neno lake halijadiliwi. Familia nyingi hukwama hapa. Mama yuko nyumbani na watoto, anampigia baba, simu haipatikani, anasubiri ruhusa, na nusu saa inapotea. Mkubaliane leo, mbele ya watoto, kwamba siku hiyo haombwi mtu ruhusa.

Mpango wa karatasi moja

Karatasi iwe moja, iandikwe kwa kalamu isiyoyeyuka kwa maji, na kila mtu awe na nakala. Ndani yake:

- Mahali pawili pa kukutana: pa kwanza karibu na nyumba, kwa ajili ya moto; pa pili nje ya mtaa, penye mwinuko, kwa ajili ya mafuriko au pale mtaa unapofungwa.
- Njia mbili za kufika huko, moja isiyopita daraja.
- Namba ya ndugu au rafiki anayeishi mbali. Wote mtamtumia yeye habari. Mara nyingi ni rahisi kumpata mtu wa mbali kuliko kupatana wenyewe kwa wenyewe mkiwa ndani ya eneo lililoathirika.
- Jina la mtu anayemchukua kila asiyeweza kutoka mwenyewe: mtoto mchanga, mzee, mgonjwa, mlemavu. Andika pia wa akiba.
- Utaratibu wa shule: wanafunzi watakaa wapi, na nani ameandikwa kuwa anaruhusiwa kuwachukua.

Siku ya janga tumia ujumbe mfupi wa maandishi, usipige. Ujumbe hujipenyeza pale ambapo mazungumzo hayashiki, na haumalizi betri. Uandike kamili kwa mara moja: "Tuko salama wote watano. Tuko shule ya juu. Betri asilimia 20. Nitaandika tena saa 12 jioni." Ukiongeza saa ya ujumbe ujao, wa upande wa pili hatakupigia mfululizo na kuimaliza simu yako.

Maji

Weka lita 4 kwa mtu mmoja kwa siku, karibu nusu ya kunywa na inayobaki ya kupikia na usafi wa lazima. Kaya ya watu 5 kwa siku 3 inahitaji lita 60, yaani madumu 3 ya lita 20. Kwa wiki ni lita 140, madumu 7. Mama anayenyonyesha, mgonjwa na aliye kwenye joto kali waongezewe. Usipunguze maji ya kunywa ya leo kwa kuogopa kesho. Punguza kazi na jua, kisha tafuta mengine.

Dumu liwe limetengenezwa kwa ajili ya vyakula. Lililowahi kubeba mafuta ya taa, kemikali au dawa ya mimea halisafishiki, plastiki hufyonza. Lililobeba maziwa au juisi nalo liepuke, kwani mabaki hujificha kwenye mikunjo na kulisha vijidudu.

Usafishaji ni hivi. Osha dumu kwa sabuni na maji, ukitia mchanga safi kidogo au kokoto na kutikisa kwa nguvu ili kusugua pasipofikiwa na mkono. Suuza mpaka povu liishe. Changanya kijiko kimoja cha chai cha dawa ya klorini ya kufulia nguo nyeupe, isiyo na manukato, kwenye lita moja ya maji. Mimina ndani, funga, geuza dumu pande zote mpaka kila sehemu imelowa, kizibo pia. Subiri angalau nusu dakika, mwaga, suuza kwa maji safi. Jaza hadi juu kabisa, funga, andika tarehe. Maji ya bomba yaliyokwisha kutiwa dawa hayahitaji kuongezwa klorini. Weka kivulini, mbali na mafuta na dawa za wadudu, na badilisha kila miezi 6.

Dumu la lita 20 lina uzito wa kilo 20. Halitembei nawe mkiondoka kwa miguu. Kwa hiyo sehemu ya akiba iwe kwenye chupa za lita 1 au 2.

Maji yaliyohifadhiwa yakiisha, utatibu ya kisima, mto au mvua. Hatua ya kwanza daima ni kuyafanya meupe: yaache yatulie, yachuje kwa kitambaa safi cha pamba kilichokunjwa mara kadhaa. Wengi huruka hatua hii na ndipo dawa inaposhindwa, kwa sababu klorini huishia kupambana na tope kabla haijawafikia vijidudu.

*Kuchemsha* ndiyo njia ya uhakika kuliko zote. Yakitokota mapovu makubwa, hesabu dakika 1. Ukiwa kwenye mwinuko wa zaidi ya mita 2,000, dakika 3. Kuchemsha kwa nusu saa ni kupoteza kuni tu.

*Klorini.* Soma nguvu iliyoandikwa kwenye chupa. Ikiwa ni asilimia 5 hadi 6, weka matone 2 kwa lita moja ya maji meupe. Kwa dumu la lita 20 hiyo ni matone 40, ambayo ni chini kidogo ya nusu kijiko cha chai. Ikiwa ni asilimia 1 tu, matone 10 kwa lita. Maji yakibaki na ukungu au yakiwa ya baridi sana, zidisha mara mbili. Koroga, funika, subiri dakika 30, kisha nusa. Yanapaswa kunukia klorini kwa mbali. Yasiponukia, rudia kipimo kile kile na usubiri dakika 15 zaidi; yasiponukia tena, yatumie kwa kufua na utafute chanzo kingine. Dawa iliyokaa zaidi ya mwaka imepungua nguvu. Yenye manukato, rangi au sabuni ndani yake haifai kabisa. Tena klorini haiviui vimelea vyote, kuna vinavyoistahimili, kwa hiyo ukiwa na moto wa kutosha chemsha.

*Jua.* Chupa ya plastiki angavu isiyozidi lita 2, yenye maji meupe, ilazwe juani kwa muda wa saa 6. Mawingu yakitanda, siku 2 mfululizo. Jaribu uangavu hivi: simamisha chupa juu ya ukurasa wa maandishi makubwa, tazama kupitia mdomoni hadi chini. Usiposoma maandishi, maji bado ni machafu mno kwa njia hii.

Maji yenye harufu ya mafuta au kemikali hayatibiki kwa njia yoyote kati ya hizi. Kuchemsha hakuondoi sumu, huikoleza.

Chakula na choo

Chakula ni rahisi zaidi: vya siku 3 hadi 7, vinavyoliwa bila kupikwa au kwa moto kidogo, ambavyo familia imeshavizoea. Vitumie na kuvirudishia kila mara ili visichakae. Kifungulio cha makopo kisisahauliwe. Anayenyonyesha aendelee kunyonyesha. Maziwa ya kopo yanahitaji maji safi, chupa safi na moto, vitu vitatu ambavyo janga huondoa kwanza. Umeme ukikatika, friji isiyofunguliwa huhifadhi chakula saa 4, na friza iliyojaa huhifadhi karibu saa 48.

Choo husahaulika mpaka saa ya kwanza ya haja. Ndoo yenye kifuniko, mifuko imara miwili miwili, na majivu, maganda ya mbao au udongo mkavu wa kunyunyiza kila baada ya matumizi. Ukichimba shimo, liwe angalau mita 30 kutoka chanzo chochote cha maji na upande wa chini yake. Magonjwa ya kuhara yanayofuata mafuriko yanaanzia hapa, kwa hiyo sabuni ya mikono ihesabiwe pamoja na chakula.

Begi

Begi ni la mgongoni ili mikono ibaki huru. Lijaribu: lijaze, livae, tembea nalo nusu saa. Ukihema, punguza.

Ndani yake: maji lita 2, chakula cha siku moja au mbili, tochi na betri za akiba zikiwa nje ya tochi, redio, pawabanki iliyochajiwa, filimbi, kisu kidogo, kiberiti ndani ya mfuko usiopenya maji, nguo moja nzito na koti la mvua, viatu vya kufunika vidole, dawa za kila siku za angalau siku 7, glavu, bandeji, sabuni, taulo za kike, nepi ikiwa kuna mtoto, miwani ya akiba, na fedha taslimu za noti ndogo. Umeme usipokuwepo, malipo ya simu na mashine za benki havifanyi kazi.

Nyaraka ziwe kwenye mfuko wa plastiki unaofungwa: vitambulisho, vyeti vya kuzaliwa, hati za nyumba au ardhi, bima, kadi za kliniki, na karatasi yenye majina na vipimo vya dawa za kila mmoja. Zipige picha na umtumie yule ndugu wa mbali. Mtu aliyepoteza hati za ardhi kwenye mafuriko huweza kuzitafuta kwa miaka, na wengine hawarudishiwi haki yao kabisa.

Filimbi ina sababu yake. Aliyenaswa chini ya kifusi akipiga kelele hukauka koo na kuvuta vumbi. Filimbi husikika mbali kwa pumzi kidogo.

Siku yenyewe

*Mafuriko.* Kabla ya kutoka zima meinswichi, lakini ikiwa tu umesimama pakavu na mikono ni mikavu. Funga valvu ya mtungi wa gesi. Inua vitu vya thamani juu, fungua mifugo kamba. Kisha ondoka. Maji yanayokwenda kasi yenye kina cha sentimita 15 yanaweza kumwangusha mtu mzima. Sentimita 30 hubeba gari dogo. Sentimita 60 hubeba magari mengi, makubwa yakiwemo. Gari huelea kwa sababu maji hulinyanyua kabla ya kulisukuma, na magurudumu hupoteza mshiko. Tena huoni kama barabara bado ipo chini ya maji hayo. Ukikuta maji yamekatiza njia, geuka. Gari likizimikia majini na maji yanapanda, fungua mkanda, fungua dirisha mara moja kabla umeme wa gari haujafa, toka, panda juu ya paa. Ukizingirwa ndani ya nyumba, panda juu, ila usijifungie darini pasipo na tundu la kutokea paani.

*Tetemeko.* Inama, jikinge chini ya meza imara, shikilia mguu wa meza mpaka mtikisiko uishe. Kukimbilia nje ndiko kunakoumiza wengi, kwa vioo, vigae na kuta za mbele zinazoangukia mlangoni. Ukiwa kitandani, baki, funika kichwa kwa mto. Ukiwa pwani na mtikisiko umedumu sekunde 20 au zaidi, au bahari ikarudi nyuma kwa namna usiyoizoea, usisubiri king'ora. Panda mahali penye mwinuko wa mita 30 au nenda bara kilomita 3, kwa miguu ikiwezekana, maana barabara zitajaa magari. Baki huko mpaka mamlaka ziseme. Wimbi la kwanza si lazima liwe kubwa kuliko yote.

*Moto.* Toka, kaa nje, piga simu ukiwa nje. Moshi huua kabla ya moto. Tambaa chini ya tabaka lake. Gusa mlango kwa mgongo wa kiganja, ukiwa wa moto usiufungue. Mafuta ya kupikia yakiwaka zima jiko na ufunike sufuria. Maji yatayarusha kama bomu. Ukinusa gesi, usiwashe wala kuzima swichi yoyote, fungua milango, funga mtungi ikiwa unafikika, toka.

*Radi.* Kila sekunde 3 kati ya mmweko na ngurumo ni kilomita moja hivi. Zikiwa chini ya sekunde 30, ingia ndani ya jengo imara au gari lililofungwa, na usitoke mpaka zipite dakika 30 tangu ngurumo ya mwisho.

Ukipiga namba ya dharura, anza na mahali ulipo, kwa sababu laini ikikatika hapo angalau wanajua waje wapi. Kisha sema kilichotokea, idadi ya watu, na hatari zilizobaki. Usikate simu wewe kwanza.

Jenereta na mkaa

Watu huokoka kwenye kimbunga wakafa usiku wa tatu kwa hewa ya kaboni monoksaidi. Haina rangi wala harufu. Jenereta, jiko la mkaa na jiko la kuni havitumiki ndani, wala barazani, wala chini ya dirisha, hata dirisha likiwa wazi. Jenereta ikae angalau mita 6 kutoka mlango na madirisha, na moshi wake uelekee mbali na nyumba. Dalili ni kichwa kuuma, kizunguzungu, kichefuchefu na unyonge, na zikiwapata watu wawili wa nyumba moja kwa wakati mmoja, tokeni nje papo hapo. Usiichomeke jenereta kwenye soketi ya ukuta. Umeme utarudi kwenye nyaya za mtaani na kumuua fundi anayezitengeneza.

Majeruhi, mpaka msaada ufike

Damu ikitoka kwa nguvu, kandamiza moja kwa moja juu ya kidonda kwa kitambaa, kwa uzito wa mwili, bila kuinua ili kuchungulia. Kitambaa kikilowa ongeza kingine juu yake. Palipoungua pamwagiwe maji ya baridi yanayotiririka kwa dakika 20. Dawa ya meno, mafuta na siagi hufungia joto ndani na kumpa daktari kazi ya kuvikwangua. Aliyeanguka kutoka juu au kupigwa na kifusi asisogezwe isipokuwa pale alipo pana hatari. Anayeharisha apewe maji ya chumvi na sukari: lita 1 ya maji safi, vijiko 6 vya chai vya sukari na nusu kijiko cha chai cha chumvi, vyote vikiwa vimesawazishwa mdomo. Chumvi ikizidi humdhuru mtoto, kwa hiyo onja: yasiwe na chumvi kuliko machozi.

Kurudi nyumbani

Rudi mchana, baada ya mamlaka kuruhusu, ukiwa na buti na glavu, watoto wakiwa wamebaki kwingine. Zunguka nje kwanza. Tafuta nyaya zilizoanguka, nyufa mpya, ukuta uliopinda, harufu ya gesi. Ukiona kimoja tu, usiingie. Meinswichi isiwashwe mpaka fundi umeme akague, hata kama sakafu imekauka. Maji hukaa ndani ya mabomba ya nyaya na soketi kwa siku nyingi. Tumia fimbo kuinua vitu, kwani nyoka nao walikimbilia pakavu.

Piga picha kila kitu kabla ya kugusa chochote. Simama katikati ya kila chumba na upige kuta nne, kisha mstari wa maji ulipofikia ukipima kwa futikamba, kisha kila chombo kilichoharibika na namba yake. Wenye bima na wanaosubiri tathmini ya serikali hupoteza haki zao kwa kufanya usafi kwanza.

Chakula kilichoguswa na maji ya mafuriko hutupwa, na vilivyofungwa kwa vizibo vya kusokota pia. Makopo ya bati yasiyobonyea wala kuvuja huokoka: bandua karatasi, andika jina kwa kalamu, osha kwa sabuni, loweka dakika 15 kwenye maji yenye kijiko kimoja cha chakula cha klorini kwa kila lita 4.

Usafi una mpangilio. Ondoa matope yangali mabichi, maana yakikauka hugeuka vumbi lenye vijidudu. Osha kwa sabuni. Ndipo upitishe klorini: mililita 250 kwenye ndoo ya lita 20, ukiwa umefungua madirisha. Klorini juu ya tope haifanyi kazi. Na usiichanganye kamwe na dawa yenye amonia au asidi ya kusafishia choo, hewa inayotoka huunguza mapafu. Kidonda chochote, hata mkwaruzo, kioshwe kwa maji safi na sabuni siku hiyo hiyo. Maji ya mafuriko hubeba mkojo wa panya na ugonjwa wake, na msumari uliozama matopeni ni sababu ya kuulizia chanjo ya pepopunda.

Magodoro, mazulia na mbao laini ambazo hazijakauka ndani ya saa 24 hadi 48 zitaota ukungu. Kisima kilichofunikwa na mafuriko kisitumike mpaka kimetolewa maji, kikatiwa dawa na kupimwa.

Zoezi

Mara mbili kwa mwaka, siku mnayobadilisha maji ya madumu, fanyeni zoezi usiku, taa zimezimwa. Pima kwa saa muda kuanzia neno "tunaondoka" hadi mtu wa mwisho kufika mahali pa kukutana. Mtagundua tochi haiwaki, mlango wa nyuma umezibwa na gunia, mtoto amekuwa mkubwa kuliko viatu vilivyomo begini, bibi anahitaji watu wawili badala ya mmoja. Andika muda huo kwenye karatasi ya mpango. Ukiwa mrefu kuliko ule mliotumia kwenye hesabu, chukua rangi na brashi, rudi kwenye nguzo, shusha mstari.